Mtangulizi Aliyekuja Nyuma: Rimiksi, Amana na Mwenye Kovu

Katika mila za pwani, mali ya mtu huingia mkononi mwa mwingine kwa njia tatu zinazofahamika na kila mmoja. Iko amana, ambayo hurudi kama ilivyotolewa, na aliyeipokea hana ruhusa hata ya kuifungua. Iko azima, ambayo hutumiwa kisha ikarejeshwa, nayo ikivunjika mwazimaji hulipa. Na iko hiba, ambayo mtoaji akishaitoa hana tena la kusema juu yake. Kila njia ina adabu zake. Magomvi mengi ya majirani na ya warithi huzuka pale ambapo mmoja alidhani katoa azima ilhali mwenziwe alidhani kapewa hiba.

Mambo ya sanaa hayatulii vyema ndani ya njia hizo tatu. Msanii huweza kumpa mwenzake kazi aliyoitolea jasho na kumwambia: ichukue, ivunje utakavyo, kisha niletee, nami nitaitoa kwa jina langu na jina lako. Hiyo si amana, kwani hairudi kama ilivyokwenda. Si azima, kwa kuwa kuvunjika kwake si hasara bali ndilo lililoombwa. Wala si hiba, maana jina la mwenyewe halifutiki. Wapenzi wa muziki wa siku hizi wanaiita rimiksi: wimbo uliokwisha kurekodiwa hufumuliwa nyuzi zake, ngoma mbali, vinanda mbali, sauti ya mwimbaji mbali, kisha ukafumwa upya na mkono mwingine. Na hapo ndipo linapozuka swali. Mwenye kuvunja kwa idhini anadaiwa nini? Na ikiwa idhini ya mwenye kazi ndiyo mwisho wa maneno, mbona ziko kazi zilizo safi mbele ya sheria ambazo bado humwachia mtu doa moyoni?

Swali hilo linapimika vizuri katika santuri moja fupi iliyotoka Marekani mwezi Mei 1994. Jina lake ni Closer to God, na kundi lenyewe ni Nine Inch Nails, kundi la roki ya viwandani lililoanzishwa Cleveland mwaka 1988. Kusema kundi ni kufuata mazoea tu, kwani kwa miaka mingi mwanachama wake rasmi alikuwa mtu mmoja, Trent Reznor. Hakuwa na mwenziwe katika cheo hicho hadi mwaka 2016, alipoingia Mwingereza Atticus Ross. Miezi miwili kabla ya santuri hiyo, Machi 1994, Reznor alikuwa ametoa albamu iitwayo The Downward Spiral, na humo mlikuwa na wimbo Closer. Ndio wimbo uliompa sifa kubwa, na ndio uliompa lawama kubwa, kwa sababu ya maneno yake yasiyositiri. Wengi waliuchukua kuwa wimbo wa tamaa ya mwili, ukachezwa katika kumbi za dansi kwa shangwe. Anayeusikiliza kwa makini anakuta ndani yake mtu asiyempenda mwingine wala nafsi yake, anayemtafuta mwenziwe ili ajikimbie mwenyewe. Ni wimbo wa kujichukia uliovishwa nguo za arusi.

Santuri ile, katika toleo lake la Marekani, ina vipande tisa. Umo wimbo Closer uliofumuliwa na kufumwa mara kadhaa. Zimo nyimbo mbili nyingine za albamu zilizotendewa vivyo hivyo, na umo wimbo wa kundi la Uingereza, Soft Cell, ulioimbwa upya. Jambo la kutazamwa kwanza ni mpango wake. Wimbo wa asili, kama ulivyo katika albamu, hauko mwanzo bali umewekwa mwisho kabisa, kipande cha tisa. Anayesikiliza kwa utaratibu huwapita kwanza watoto na wajukuu ndipo akamfikie mzazi. Na akimfikia, hamwoni tena kama alivyomjua. Jambo la pili ni hesabu. Takriban kila kazi rasmi ya Nine Inch Nails hupewa namba yake chini ya neno Halo. The Downward Spiral ni ya 8, na santuri hii ya rimiksi ni ya 9. Kabla yake, mwaka 1992, ilitoka Broken, yaani kilichovunjika, ikiwa namba 5, na miezi michache baadaye rimiksi zake zikatoka kwa jina Fixed, kilichotengenezwa, zikiwa namba 6. Hakuna daraja la juu la kazi ya asili na daraja la chini la kazi iliyorudiwa. Zote zimeketi safu moja.

Utaratibu huu haukuzuliwa Marekani. Mizizi yake iko Kingston, Jamaika, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mafundi wa reggae walianza kuondoa sauti ya mwimbaji katika wimbo uliokwisha kujulikana na kuacha besi na ngoma peke yake. Mashuhuri kati yao alikuwa Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, fundi wa redio na vyombo vya umeme. Yeye aliifanya meza ya kuchanganyia sauti kuwa ala kama ala nyingine. Aliacha neno moja la mwimbaji lipenye, akalitia mwangwi, kisha akalizamisha tena. Mmoja wa walioubeba ujuzi huo kuupeleka Uingereza alikuwa Adrian Sherwood, naye ana kipande chake katika santuri hii ya 1994. Basi ndani ya kelele za vyuma za vijana wa Ohio mna hewa ya Kingston, hata kama msikilizaji hana habari.

Lakini kipande kinachostahili kusimamiwa kwa muda mrefu ni cha pili, kiitwacho Closer (Precursor), kazi ya kundi la Uingereza liitwalo Coil. Hapa uhusiano wa mtoaji na mpokeaji una uzito wa pekee. Mmoja wa nguzo za Coil, Peter Christopherson, alikuwa zamani katika kundi la Throbbing Gristle. Ni kundi hilo ambalo mwaka 1976 lilianzisha kampuni yake ya kutolea santuri na kuiita Industrial Records, na kutoka kwenye jina hilo muziki wote wa namna hii ukapata kuitwa wa viwandani. Reznor, basi, hakumpelekea kazi yake fundi wa kuajiriwa tu. Aliipeleka kwa waliomtangulia katika njia. Alikuwa kama mzazi anayempeleka mwanawe chuoni kwa mwalimu aliyemsomesha yeye mwenyewe. Mzazi huyo hategemei mtoto arudi kama alivyokwenda. Angerudi hivyo, safari ingekuwa bure. Anategemea arudi amebadilika na bado awe mwanawe.

Coil hawakuongeza pambo, bali walipunguza. Mdundo uliokuwa ukigonga kama nyundo wameufifiza ukawa kama mapigo ya moyo yasikiwayo kupitia ukuta wa chumba cha jirani. Palipokuwa na kiitikio kilichowarusha watu, pamebaki mikwaruzo, minong'ono na vishindo vya mbali visivyojulikana vyatoka wapi. Sauti ya Reznor, iliyokuwa imesimama mbele ya wimbo na kuutawala, imesukumwa nyuma na kukatwakatwa. Na yale maneno yaliyozua lawama karibu yote hayapo.

Hapo linaonekana ajabu lenye faida kwa mwenye kufikiri. Kati ya sura zote za wimbo ule katika santuri, hii iliyobaki na maneno machache zaidi ndiyo iliyo karibu zaidi na maana yake. Sura nyingine, kama ile ya Jack Dangers, zina raha yake, nazo zinachezeka. Lakini zinauchukua wimbo kama ukumbi wa dansi ulivyouchukua. Coil waliona kwamba mdundo mtamu ulikuwa umeificha hofu, wakauondoa utamu ili hofu ionekane. Hawakuutii wimbo katika umbo lake, lakini waliutii katika siri yake. Mkurugenzi wa filamu David Fincher alilifahamu hilo. Mwaka 1995 alikitumia kipande hiki katika ufunguzi wa filamu yake Se7en, ambamo mikono isiyo na uso inaonekana ikikata, ikishona na kuandika katika madaftari ya muuaji. Ni hadi mwisho wa ufunguzi ule ndipo sauti ya Reznor inapopenya kwa sentensi moja tu. Wimbo mzima wa asili usingefaa pale. Mtazamaji angeletewa ukumbi wa dansi, si chumba cha madaftari.

Hata jina la kipande linastahili kuzingatiwa. Precursor ni mtangulizi, yaani kitu kijacho mbele ya kingine. Wakati huo huo kila mtu ajua kwamba kipande hiki kilitengenezwa baada ya wimbo, na kwa malighafi ya wimbo. Katika kalenda jina ni uwongo. Katika maana ni kweli. Ziko kazi zinazokuja nyuma na kufichua kilichokuwako kabla, kama vile mjukuu anavyozaliwa na uso wa babu ambao watoto hawakuwa nao. Basi kuvunja si lazima kuwe uhaini. Huenda mvunjaji akawa mwaminifu kuliko aliyehifadhi kila herufi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba wimbo ukishatoka kwa mtungaji wake umekamilika, na kila mkono unaoongezwa ni uchafu juu ya kitu safi. Hoja hii ina heshima yake, lakini inadai kwamba kitu safi kilikuwako, nacho katika jambo hili hakikuwako. Pigo la ngoma linaloanza wimbo Closer, ambalo kila mpenzi wa Nine Inch Nails hulitambua kabla ya neno la kwanza, lilichotwa katika wimbo Nightclubbing wa Iggy Pop, uliotoka mwaka 1977 katika albamu The Idiot. Reznor alilichukua, akaligeuza, akalifanya msingi wa nyumba yake. Pigo hilo kwa Iggy Pop nalo lilikuwa la mashine. Anayeisaka asili ataendelea kufungua milango na kukuta nyuma ya kila mlango mlango mwingine. Wahenga walikwisha sema kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hiyo aghlabu husemwa kwa onyo, lakini yaweza pia kuwa kanuni ya haki. Reznor alikula cha wenziwe, kisha akakiandaa chake na kuwakaribisha wengine wale.

Wapenzi wa mashairi ya Kiswahili hawapaswi kushangazwa na haya. Takhmisi ni nini ila ni mshairi kuingia katika nyumba ya mshairi mwingine? Huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitanguliza mitatu yake, na ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, imejengwa hivyo. Maneno ya mtungaji wa baadaye hukaa mbele, ya yule wa kale hukaa nyuma, na msomaji hufika kwa wa kwanza mwishoni, kama vile katika santuri ya 1994 wimbo wa asili unavyongoja katika kipande cha tisa. Huyu naye ni mtangulizi aliyekuja nyuma.

Lakini kufanana huko kunafichua tofauti, na ndani ya tofauti ndimo yalimo mafunzo. Katika takhmisi mishororo ya mwenye shairi haikatwi wala haipinduliwi. Atakaye anaweza kuyachomoa maneno ya kale na kuyapata mazima, katika mpango wake. Rimiksi haina sharti hilo. Hukata hadi mfupa. Kwa upande mwingine, rimiksi ya namna hii ina jambo ambalo takhmisi ya Liyongo haikuweza kuwa nalo, yaani idhini. Liyongo alikuwa amekufa karne nyingi. Hakuulizwa, wala hakuna wa kuulizwa kwa niaba yake. Yumkini hiyo ndiyo sababu ya adabu yenyewe. Aliye hai akisema "vunja", mvunjaji ana ruhusa ya kuvunja. Aliyekufa hawezi kusema, basi maneno yake huachwa mazima. Uhifadhi umekaa mahali pa idhini.

Yafaa sasa kuuliza kama idhini inatosha. Mwaka 1995 Nine Inch Nails walitoa Further Down the Spiral, albamu ya rimiksi ya ile ya mwaka uliotangulia. Miongoni mwa walioalikwa alikuwamo Richard D. James, mwanamuziki wa Uingereza ajulikanaye kama Aphex Twin. Vipande viwili alivyoleta havikuwa rimiksi hata kidogo. Vilikuwa tungo zake mwenyewe, zisizochukua chochote kinachotambulikana katika nyimbo alizopewa. Mwaka 2003 alikusanya kazi zake za namna hiyo katika albamu aliyoiita 26 Mixes for Cash, yaani rimiksi 26 za kutafutia pesa, na mle ndani vipande vile viwili vikaandikwa kuwa vimeundwa naye. Hakuna aliyedhulumiwa. Aliyeomba alipata, aliyeombwa alilipwa, na vipande vyenyewe vina uzuri wa baridi usiosahaulika. Hata hivyo, ukivilinganisha na Precursor, kuna kilichokosekana. Coil walisikiliza ndipo wakakata, ilhali James hakuwa na haja ya kusikiliza. Mwalimu wa kwanza alimrudisha mtoto amebadilika. Wa pili alimrudishia mzazi mtoto mwingine, mwenye afya na sura njema, lakini asiye wake. Idhini ilikuwako mara zote mbili, kwa hiyo tofauti haitokani nayo. Kinachodaiwa zaidi ya idhini ni usikivu, na usikivu haununuliki kwa mkataba.

Hilo ni deni kwa mwenye kazi. Liko deni jingine, zito zaidi, na kulifikia lazima kutazamwa nyumba ambamo albamu ile ilirekodiwa. Mwaka 1992 Reznor alikodi nyumba katika vilima vya Los Angeles, namba 10050 Cielo Drive, akaifanya studio. Ndani ya nyumba hiyo na katika uwanja wake, usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti 1969, wafuasi wa Charles Manson waliwaua watu watano, mmoja wao akiwa mwigizaji Sharon Tate, mja mzito aliyekaribia kujifungua. Wauaji waliandika neno moja, nguruwe, kwa damu kwenye mlango wa mbele. Reznor aliipa studio yake jina la Le Pig. Nyumba ilipobomolewa mwaka 1994, mlango ule haukupotea. Aliuchukua akaupeleka New Orleans, akaufanya mlango wa studio yake mpya, katika jengo ambalo zamani lilitumika kwa shughuli za maiti.

Ukilitazama jambo hilo kwa jicho la fundi, nalo ni rimiksi. Neno lilitengwa na mahali lilipoandikwa, likawekwa kwingine, likapewa kazi mpya ya kutia hofu na mzaha mchungu. Mlango ulichomolewa katika tukio moja ukapachikwa katika jengo jingine. Ni kazi ile ile ya mikono: kuchota, kutenga na kupachika upya. Na mbele ya sheria hapakuwa na kosa. Kodi ililipwa, nyumba ilikuwa na mwenyewe, naye aliridhia.

Kilichokosekana kilidhihirika siku Reznor alipokutana na ndugu wa kike wa Sharon Tate. Alilisimulia mwenyewe tukio hilo katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1997. Dada huyo alimuuliza kama alikuwa akikitumia kifo cha ndugu yake kwa faida yake kwa kuishi katika nyumba ile. Alijibu kwamba sivyo, kwamba lilikuwa jambo la kuvutiwa na mahali penye historia ya ajabu. Lakini wakati akisema hayo alijiuliza kwa mara ya kwanza ingekuwaje kama aliyeuawa angekuwa dada yake yeye. Alisema kwamba alirudi nyumbani akalia.

Waswahili husema kufa kufaana, na husema tena mwenye kovu usidhani kapoa. Methali ya kwanza inaeleza dunia ilivyo: kifo cha mmoja huwa chumo la mwingine, awe mchimba kaburi au mtunga nyimbo. Ya pili inaweka mpaka. Kwa kijana aliyekodi nyumba, tukio la 1969 lilikuwa hadithi, na hadithi ni mali ya wote. Kwa dada halikuwa hadithi. Mwenye nyumba alikuwa na haki juu ya kuta, lakini hakuwa na haki juu ya kovu, na kwa hiyo hakuweza kutoa idhini juu yake. Hapa ndipo hesabu ya amana, azima na hiba inapofika mwisho wake, kwani zote tatu zadhania kwamba aliyetoa ndiye mwenye kitu. Mtu anaweza kumwachia mwenziwe wimbo wake auvunje hadi chembe ya mwisho, na hakuna wa kulalamika. Hawezi kumwachia huzuni ya mtu wa tatu.

Si haki kumwacha Reznor katika sura hiyo peke yake, kwani miaka iliyofuata ilimwonyesha akitoa kilicho chake kwa mkono ulio wazi. Mwaka 2005 alitoa nyuzi za wimbo The Hand That Feeds zikiwa zimetenganishwa, ili yeyote mwenye kompyuta ifaayo aufumue na kuufuma atakavyo. Mwaka 2008 alitoa Ghosts I–IV, vipande 36 visivyo na maneno, kwa leseni inayoruhusu watu kunakili na kugeuza bila biashara, mradi wamtaje mwenyewe na waziachilie kazi zao kwa sharti lile lile. Kimoja cha vipande hivyo kilimfikia kijana wa Uholanzi, YoungKio, akatengeneza mdundo, na juu ya mdundo huo Lil Nas X akaimba Old Town Road. Mwaka 2019 wimbo huo ulikaa majuma 19 katika nafasi ya kwanza ya orodha kuu ya Marekani, tena ukibebwa zaidi na rimiksi yake iliyoimbwa pamoja na Billy Ray Cyrus. Biashara ilihitaji idhini ya pekee, ikaombwa, ikatolewa, na majina ya Reznor na Ross yakaandikwa miongoni mwa watunzi. Kipande kilichotungwa kwa upweke kikawa shangwe ya watoto wa shule, na mwenye nacho hakudai kwamba shangwe hiyo ni yake.

Lakini tukio linaloeleza zaidi gharama ya kutoa ni la mwaka 2002. Johnny Cash, mzee wa muziki wa kaunti, aliurekodi wimbo Hurt, ambao ndio wimbo wa mwisho wa The Downward Spiral. Mtayarishaji wake, Rick Rubin, aliomba ruhusa. Reznor aliitoa, ingawa moyo wake haukutulia. Cash alibadili neno moja tu. Katika taji linalotajwa mle aliliondoa tusi akaweka miiba, na kwa neno hilo moja wimbo wa kijana anayejiangamiza ukawa wimbo wa mzee Mkristo anayejihesabu mbele ya Mola wake. Reznor alipoiona filamu fupi ya wimbo huo, alisema kwamba alijihisi kama mtu aliyepoteza mpenzi, kwa kuwa wimbo haukuwa wake tena. Hakusema hayo kwa kinyongo. June Carter Cash alifariki Mei 2003, na Cash mwenyewe Septemba mwaka huo huo. Leo wako wengi wanaodhani wimbo ni wa Cash. Anayetoa kwa kweli, basi, hupungukiwa. Asiyepungukiwa huenda hakutoa bali alikodisha.

Coil nao wamekwisha ingia katika upande wa wasioweza kuulizwa. John Balance alifariki mwaka 2004 na Christopherson mwaka 2010. Mapema mwaka huo wa 2010, Reznor alipoanzisha kundi jingine pamoja na mkewe na Atticus Ross, aliliita How to Destroy Angels, jina la santuri ya kwanza ya Coil iliyotoka mwaka 1984. Mwaka 2014 zikatoka, kwa jina la Recoiled, rimiksi za Coil za nyimbo za Nine Inch Nails ambazo hazikuwa zimetolewa hapo kabla. Waliopewa wavunje sasa wao ndio vipande mikononi mwa wengine, na kwao haidaiwi tena idhini, inadaiwa adabu.

Basi santuri ya 1994 haihukumiwi kwa utamu peke yake. Baadhi ya vipande vyake ni vya kuchezwa na kusahauliwa, na hakuna ubaya. Kimoja kimeifikia siri ambayo mwenye wimbo huenda hakujua kwamba ameiweka mle. Na nyuma ya vyote iko nyumba ambayo mlango wake uling'olewa kabla ya kuulizwa aliyepaswa kuulizwa. Msikilizaji anayevumilia hadi kipande cha tisa atalisikia tena lile pigo la ngoma lililochotwa kwa Iggy Pop, na safari hii atasikia nyuma yake moyo ulioachwa wazi na Coil. Huenda akasikia pia mlango. Mambo mawili ya kwanza yametolewa na wenyewe, au wenyewe wametajwa. La tatu alilitambua Reznor mwenyewe, usiku ule aliporudi nyumbani, kwamba hakuna aliyempa.